Kuongeza Ufanisi wa Biashara Kabla ya Kuongeza Wafanyakazi

Katika mada hii mtahiniwa anatarajiwa kuweza:

(a) kueleza maana ya ufanisi, tija na hatua inayobana kazi;
(b) kukokotoa tija na gharama ya ujira kwa kila kipimo cha bidhaa;
(c) kufafanua njia za kuongeza ufanisi bila kuajiri;
(d) kutambua wakati ambapo kuajiri ndiyo njia sahihi.

Mfanyabiashara anapoona wateja wanapanga foleni na oda zinachelewa, wazo la kwanza humjia: "Niongeze mtu." Wakati mwingine wazo hilo ni sahihi. Mara nyingi, hata hivyo, ucheleweshaji hautokani na uchache wa watu bali na namna kazi ilivyopangwa. Akiajiri bila kuchunguza, gharama hupanda mwezi huohuo huku uzalishaji ukibaki palepale. Biashara ndogo yenye mtaji mdogo inaweza kufungwa kwa kosa hilo moja, na wanaoumia si mwenye biashara peke yake. Aliyeajiriwa juzi hupoteza kazi, na waliokuwapo kabla yake huipoteza pamoja naye.

1. Maana ya dhana muhimu

*Ufanisi* ni hali ya kupata matokeo yanayotakiwa kwa kutumia rasilimali chache iwezekanavyo, yaani muda, fedha, malighafi, nguvukazi na mitambo.

*Tija* ni kipimo cha kiasi kinachozalishwa kwa kila kipimo cha rasilimali iliyotumika. Tija ya nguvukazi hupatikana hivi:

Tija ya nguvukazi = Jumla ya bidhaa zilizozalishwa ÷ Idadi ya wafanyakazi

Unaweza pia kugawanya kwa jumla ya saa za kazi. Soma swali vizuri uone linataka kipimo kipi.

*Gharama ya ujira kwa kipimo* ni ujira wote uliolipwa ukigawanywa kwa idadi ya bidhaa zilizozalishwa kwa muda huohuo.

Kumbuka: uzalishaji unaweza kuongezeka huku tija ikishuka. Biashara yenye watu 10 inayotoa vitu 100 ina tija ya 10. Ikiajiri watu 5 zaidi na kutoa vitu 120, uzalishaji umepanda kwa 20, lakini tija imeshuka hadi 8. Watahiniwa wengi huchanganya mambo haya mawili na kupoteza alama.

2. Gharama halisi ya kuongeza mfanyakazi

Gharama ya mfanyakazi haiishii kwenye mshahara. Kwa Tanzania, mwajiri hukabiliwa na haya:

(i) *Michango ya hifadhi ya jamii.* Mwajiri wa sekta binafsi huchangia NSSF angalau asilimia 10 ya mshahara wa mfanyakazi.

(ii) *Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF)*, ambao ni asilimia 0.5 ya mshahara.

(iii) *Tozo ya Maendeleo ya Ujuzi.* Hulipwa na mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Anayetoka wafanyakazi 9 kwenda 10 hukuta tozo hiyo ikihesabiwa kwa mishahara ya wote, si ya yule wa kumi tu.

(iv) *Likizo.* Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo.

(v) *Gharama za kumpata na kumfundisha.* Kuna muda wa usaili, muda wa fundi mzoefu anayemwelekeza mgeni, na malighafi inayoharibika wakati mgeni anajifunza.

(vi) *Vifaa na nafasi.* Fundi mpya bila cherehani yake ni mtu wa kusubiri zamu.

(vii) *Gharama ya kuachana.* Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi hawezi kuambiwa kesho asije. Anastahili notisi isiyopungua siku 28. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi anaweza kustahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10.

Hoja ya (vii) ndiyo inayoonyesha kwa nini uamuzi wa kuajiri hutaka utulivu. Njia mpya ya kupanga kazi ikishindikana leo, kesho unairudisha ya zamani. Mtu aliyeacha kazi nyingine akaja kwako hurudishwi kirahisi hivyo.

3. Kanuni ya mapato yanayopungua

Kanuni hii husema kwamba rasilimali moja ikiongezwa huku nyingine zikibaki zilezile, itafika mahali ambapo nyongeza ya uzalishaji inayoletwa na kila kipimo kipya huanza kupungua.

Chukulia kiwanda kidogo cha mikate chenye tanuri moja na meza moja ya kukandia unga. Jedwali lifuatalo linaonyesha mikate kwa siku.

| Wafanyakazi | Jumla ya mikate | Nyongeza ya mfanyakazi wa mwisho | Wastani kwa mfanyakazi |
|---|---|---|---|
| 1 | 80 | 80 | 80 |
| 2 | 180 | 100 | 90 |
| 3 | 270 | 90 | 90 |
| 4 | 330 | 60 | 82.5 |
| 5 | 360 | 30 | 72 |
| 6 | 360 | 0 | 60 |
| 7 | 340 | −20 | 48.6 |

*Ufafanuzi wa jedwali:* Mfanyakazi wa pili ameleta nyongeza kubwa kuliko wa kwanza kwa sababu sasa mmoja anakanda na mwingine anaoka. Huo ni mgawanyo wa kazi. Kuanzia mfanyakazi wa tatu nyongeza inaanza kushuka. Wa sita haongezi mkate hata mmoja kwa kuwa tanuri limejaa. Wa saba anapunguza, maana sasa watu wanagongana mezani na kusubiriana.

Zingatia: mfanyakazi wa sita si mvivu. Huenda ndiye hodari kuliko wote. Tatizo ni tanuri. Mtahiniwa anayeandika kwamba nyongeza hupungua "kwa sababu wafanyakazi wapya ni wazembe" hapati alama.

4. Kutafuta hatua inayobana kazi

Kazi nyingi hupita katika hatua kadhaa zinazofuatana. Uzalishaji wa mwisho hauwezi kuzidi uwezo wa hatua iliyo dhaifu kuliko zote. Hatua hiyo ndiyo inayobana kazi, kama shingo ya chupa inavyoamua kasi ya maji kutoka hata kama chupa yenyewe ni pana.

*Mfano wa kufanyia kazi*

Karakana moja mjini Morogoro hushona mashati ya sare za shule. Ina wafanyakazi 6 wanaofanya kazi saa 8 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Kila mmoja hulipwa Sh 12,000 kwa siku. Uwezo wa kila hatua kwa siku ni huu:

- Kukata kitambaa (mtu 1): mashati 60
- Kushona (mafundi 3): mashati 48
- Kutoboa matundu na kuweka vifungo (mtu 1): mashati 30
- Kupiga pasi na kukagua (mtu 1): mashati 50

Karakana imepata oda ya mashati 800 yanayotakiwa ndani ya siku 20 za kazi, yaani mashati 40 kwa siku. Mwenye karakana anataka kuajiri fundi wa nne wa kushona. Mshauri.

*Hatua ya kwanza: tambua hali ilivyo.* Hatua ya vifungo hutoa mashati 30 tu, kwa hiyo karakana nzima hutoa mashati 30 kwa siku.

Tija = 30 ÷ 6 = mashati 5 kwa mfanyakazi kwa siku.
Ujira kwa shati = (6 × 12,000) ÷ 30 = 72,000 ÷ 30 = Sh 2,400.

*Hatua ya pili: pima pendekezo la kuajiri.* Fundi wa nne ataongeza uwezo wa kushona, lakini hatua ya vifungo bado itatoa 30. Mashati yataongezeka kwenye lundo linalosubiri vifungo, si kwenye mzigo wa mteja.

Tija = 30 ÷ 7 = mashati 4.3 hivi.
Ujira kwa shati = 84,000 ÷ 30 = Sh 2,800.

Mwenye karakana atakuwa amelipa zaidi, na oda bado itachelewa.

*Hatua ya tatu: chunguza kwa nini hatua inabana.* Baada ya kumfuatilia mfanyakazi wa vifungo kwa siku nzima, imeonekana kwamba kati ya saa 8 anatumia saa 6 tu kwenye kazi yake, kwa kasi ya mashati 5 kwa saa. Saa 2 zinapotea hivi:

- dakika 70 anainuka kuwapokea wateja na kuchukua vipimo;
- dakika 30 anabadilisha uzi kwa sababu mashati ya rangi tofauti huja yamechanganyika;
- dakika 20 anatafuta vifungo vinavyolingana.

*Hatua ya nne: rekebisha.* Mkataji ana uwezo wa mashati 60 wakati yanahitajika 40, hivyo ana zaidi ya saa mbili na nusu za ziada. Yeye ndiye apokee wateja. Mashati yapangwe kwa rangi kabla ya kufika kwenye vifungo. Vifungo vihesabiwe na kufungwa kwenye vifuko jioni ya siku iliyotangulia, kazi ambayo mkataji pia anaweza kuifanya.

Sasa mfanyakazi wa vifungo anapata saa 8 kamili: 8 × 5 = mashati 40. Oda inakamilika.

Tija = 40 ÷ 6 = mashati 6.7 hivi.
Ujira kwa shati = 72,000 ÷ 40 = Sh 1,800.

Hakuna aliyeajiriwa, hakuna aliyefukuzwa, na hakuna aliyefanya kazi muda wa ziada. Ujira kwa kila shati umeshuka kwa Sh 600.

5. Njia za kuongeza ufanisi

*5.1 Mgawanyo wa kazi na ubobezi*

Mwaka 1776 Adam Smith wa Uskoti alieleza kiwanda kidogo cha pini chenye watu 10. Kila mmoja alishika hatua moja au chache za kazi, na kwa pamoja walitengeneza pini 48,000 kwa siku, sawa na 4,800 kwa kila mtu. Smith aliona kwamba mtu asiyezoea kazi hiyo, akiifanya yote peke yake, asingefikisha hata pini 20 kwa siku. Alitaja sababu tatu: mtu hupata wepesi wa mkono kwa kurudia kazi moja, muda wa kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine huokolewa, na mtu aliyezama katika kazi moja hugundua vifaa vya kuirahisisha.

*5.2 Kuchunguza mwenendo wa kazi*

Frank Gilbreth wa Marekani alichunguza uashi wa matofali. Aliona kwamba fundi huinama hadi chini kuchukua kila tofali, akiinua uzito wa mwili wake kila mara. Akaweka jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyopanda, na matofali yakapangwa tayari na kibarua. Miondoko ya kuweka tofali moja ikapungua kutoka 18 hadi 5. Fundi alifanya kazi nyingi zaidi na mgongo wake ukapumzika.

Frederick Taylor, naye wa Marekani, alichunguza vibarua wa kupakia kwa sepeto katika kiwanda cha Bethlehem Steel. Kila kibarua alikuja na sepeto lake, na lilelile lilitumika kubebea madini mazito na makaa mepesi. Taylor aligundua kwamba kibarua hutoa kazi nyingi zaidi kwa siku kila sepeto likibeba ratili 21, yaani kilo 9.5 hivi. Kiwanda kikanunua masepeto ya ukubwa tofauti kwa mizigo tofauti. Kwa maelezo ya Taylor katika kitabu chake cha mwaka 1911, wastani ulipanda kutoka tani 16 hadi tani 59 kwa mtu kwa siku, na ujira ukapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.88.

Mtahiniwa makini ataona pia upande wa pili. Idadi ya vibarua ilishuka kutoka kati ya 400 na 600 hadi 140. Na mwaka huohuo wa 1911, wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Watertown huko Massachusetts waligoma kupinga kupimwa kwa saa ya mkononi. Ufanisi unaopangwa bila kuwashirikisha wafanyakazi huzaa mgogoro.

*5.3 Mpangilio mzuri wa eneo la kazi*

Mwaka 1913 kampuni ya Ford, katika kiwanda chake cha Highland Park, Michigan, ilianza kutumia mstari wa uunganishaji unaotembea. Gari lilifuata fundi badala ya fundi kulifuata gari. Muda wa kuunganisha fremu ya gari ulishuka kutoka saa 12 na nusu hadi saa 1 na nusu hivi.

Kanuni hiyo hutumika hata mgahawani. Kama jiko liko nyuma, sahani ziko mbele na maji yako uani, mhudumu anayetembea siku nzima anaonekana ana bidii, kumbe anatembea tu. Kusogeza kabati la sahani kunaweza kuleta faida kuliko kuajiri mhudumu wa pili.

*5.4 Kuondoa upotevu*

Taiichi Ohno wa kampuni ya Toyota, Japani, aliorodhesha aina saba za upotevu. Zikariri pamoja na mfano wa kila moja:

1. Kuzalisha kupita mahitaji: kuoka maandazi 300 wakati yanauzwa 200.
2. Kusubiri: mafundi wanne kumsubiri mwenye ufunguo wa stoo.
3. Kusafirisha bila sababu: kupeleka mzigo stoo kisha kuurudisha dukani siku hiyohiyo.
4. Kufanya kazi isiyohitajika: kuandika mauzo yaleyale kwenye madaftari matatu.
5. Akiba kubwa mno ya bidhaa: mtaji kulala kwenye magunia yanayoliwa na panya.
6. Miondoko isiyo ya lazima: kuinama, kunyoosha mkono na kutafuta vifaa.
7. Bidhaa zenye kasoro: kufumua na kushona upya.

*5.5 Kaizen na S tano*

Kaizen ni neno la Kijapani lenye maana ya maboresho madogo madogo yanayoendelea, yakitolewa na wafanyakazi wenyewe. Hapa Tanzania, mbinu ya S tano ilianza kutumika katika sekta ya afya mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa ya mfano, kisha ikaenea hospitali nyingine. S hizo kwa Kiswahili ni:

- *Sasambua*: tenganisha vinavyohitajika na visivyohitajika, uondoe visivyohitajika.
- *Seti*: panga kila kifaa mahali pake.
- *Safisha*: safisha eneo na vifaa.
- *Sanifisha*: weka utaratibu mmoja unaofuatwa na wote.
- *Shikilia*: endeleza utaratibu huo uwe mazoea.

Watahiniwa wengi hutaja nne za mwanzo na kusahau *shikilia*. Bila hiyo, eneo la kazi hurudi lilivyokuwa baada ya wiki mbili.

*5.6 Mafunzo*

Kumfundisha mfanyakazi aliyepo kazi ya pili hupunguza kusimama kwa kazi. Katika karakana yetu, mkataji akijua pia kuweka vifungo, ugonjwa wa mtu mmoja hausimamishi oda nzima.

*5.7 Teknolojia inayofaa*

Malipo kwa simu hupunguza muda wa kutafuta chenji. Programu ya kuhesabu bidhaa hupunguza muda wa kuhesabu stoo kwa mkono. Lakini teknolojia iwekwe kwenye hatua inayobana. Mashine ya kisasa ya kukatia kitambaa isingeisaidia karakana ya Morogoro, maana kukata hakukuwa tatizo.

*5.8 Motisha*

Baada ya mstari wa uunganishaji kuanza, wafanyakazi wa Ford waliacha kazi kwa wingi kwa sababu ya uchovu wa kurudia kitendo kimoja. Kampuni ikawa inaajiri na kufundisha watu wapya kila mara. Januari 1914 Ford ilitangaza malipo ya dola 5 kwa siku kwa wafanyakazi waliotimiza masharti yake, na saa za kazi zikapunguzwa kutoka 9 hadi 8. Wimbi la kuacha kazi lilipungua sana. Fundisho ni kwamba kumtunza mfanyakazi uliyenaye ni sehemu ya ufanisi.

6. Ufanisi na haki za mfanyakazi

Kuongeza ufanisi si kumkamua mfanyakazi. Mwajiri anayewabakiza watu hadi saa tatu usiku bila malipo hajaongeza tija. Amehamishia gharama zake kwao. Ukikokotoa tija kwa saa badala ya kwa mtu, utaona mara moja kwamba haijapanda.

Sheria ya mwaka 2004 inaweka mipaka hii:

- saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku;
- muda wa ziada uwepo kwa makubaliano, na usizidi saa 50 katika kipindi cha wiki nne;
- muda wa ziada ulipwe kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya ujira wa msingi.

7. Wakati ambapo kuajiri ni sahihi

Mfanyabiashara aajiri pale ambapo:

(i) hatua inayobana imekwisha kurekebishwa na bado haitoshelezi mahitaji;
(ii) ongezeko la wateja ni la kudumu, si la msimu tu kama wiki za kufungua shule;
(iii) kazi inahitaji ujuzi ambao hakuna aliyepo anayeweza kujifunza kwa muda unaofaa;
(iv) wafanyakazi waliopo wanazidiwa kiasi cha kuhatarisha afya zao au ubora wa bidhaa;
(v) mchango wa mfanyakazi mpya unazidi gharama yake.

*Mfano:* Karakana ileile sasa imepata wateja wa kudumu wanaotaka mashati 960 kila siku 20, yaani 48 kwa siku. Hatua ya vifungo imefika ukomo wake wa 40 na hakuna muda uliobaki wa kuokoa. Mwenye karakana anataka kuajiri msaidizi wa vifungo kwa Sh 12,000 kwa siku. Shati huuzwa Sh 15,000, na malighafi yake ni Sh 9,000.

Gharama ya msaidizi kwa siku 20:
Ujira: 12,000 × 20 = Sh 240,000
NSSF asilimia 10 = Sh 24,000
WCF asilimia 0.5 = Sh 1,200
Jumla = Sh 265,200

Mchango wa msaidizi:
Mashati ya ziada: 8 × 20 = 160
Ziada kwa shati: 15,000 − 9,000 = Sh 6,000
Jumla = 160 × 6,000 = Sh 960,000

Kiwango cha kurudisha gharama yake: 265,200 ÷ 6,000 = 44.2, yaani mashati 45 ya ziada.

*Uamuzi:* Aajiri. Msaidizi analeta mashati 160 wakati 45 yangetosha kurudisha gharama yake, na kushona (48) pamoja na pasi (50) vinaweza kuipokea kazi hiyo. Ajira hii ina mguu wa kusimamia: mtu huyu anaingia mahali panapomhitaji, na mshahara wake unatoka kwenye kazi yake mwenyewe.

8. Makosa yanayojirudia katika majibu

1. Kuandika kwamba ufanisi maana yake ni kupunguza wafanyakazi. Ufanisi ni matumizi bora ya rasilimali. Idadi ya watu inaweza kubaki ileile au hata kuongezeka.
2. Kutaja njia bila kuifafanua. "Mafunzo" peke yake ni kichwa cha hoja, si hoja. Eleza yanavyoongeza ufanisi, kisha toa mfano.
3. Kukokotoa bila kuandika kanuni na kipimo. Andika "mashati 5 kwa mfanyakazi kwa siku", si "5".
4. Kuhesabu mshahara tu kama gharama ya mfanyakazi mpya.
5. Kujumlisha uwezo wa hatua zote ili kupata uzalishaji. Hatua zikifuatana, angalia iliyo ndogo kuliko zote.

9. Maswali ya marudio

*Swali la 1.* Tofautisha uzalishaji na tija.

*Jibu:* Uzalishaji ni jumla ya bidhaa au huduma zilizotolewa kwa kipindi fulani, wakati tija ni kiasi kilichotolewa kwa kila kipimo cha rasilimali, mfano kwa kila mfanyakazi au kila saa. Uzalishaji unaweza kupanda huku tija ikishuka iwapo rasilimali zimeongezwa kwa kiwango kikubwa kuliko matokeo.

*Swali la 2.* Wafanyakazi 8 wa kiwanda cha matofali hufyatua matofali 1,200 kwa siku, kila mmoja akilipwa Sh 10,000. Mwenye kiwanda ana mapendekezo mawili. A: kusogeza mchanga na maji karibu na mashine, jambo litakalofikisha matofali 1,440 kwa watu walewale. B: kuajiri watu 2 zaidi kwa ujira uleule, jambo litakalofikisha matofali 1,350. Kokotoa tija na ujira kwa tofali katika kila hali, kisha shauri.

*Jibu:*
Hali ya sasa: tija 1,200 ÷ 8 = matofali 150 kwa mfanyakazi; ujira 80,000 ÷ 1,200 = Sh 66.67 kwa tofali.
Pendekezo A: tija 1,440 ÷ 8 = matofali 180; ujira 80,000 ÷ 1,440 = Sh 55.56.
Pendekezo B: tija 1,350 ÷ 10 = matofali 135; ujira 100,000 ÷ 1,350 = Sh 74.07.
Ushauri: achague A. Linatoa matofali mengi zaidi kwa ujira mdogo kwa kila tofali. B linaongeza uzalishaji lakini linashusha tija, na gharama yake ingekuwa kubwa zaidi michango ikiongezwa, hasa kwa kuwa idadi ya wafanyakazi itafika 10 na tozo ya ujuzi itaanza kulipwa.

*Swali la 3.* "Kuajiri wafanyakazi wengi zaidi ndiyo njia bora ya kukuza biashara." Jadili kauli hii kwa hoja sita.

*Mwongozo wa jibu:* Neno "jadili" linataka pande zote mbili. Anza kwa kufafanua ufanisi. Toa hoja tatu zinazopinga kauli: kanuni ya mapato yanayopungua, hatua inayobana, na gharama halisi ya mfanyakazi. Kisha toa hoja tatu zinazoiunga mkono: mahitaji ya kudumu yanayozidi uwezo, ujuzi usiopatikana ndani, na ulinzi wa afya za wafanyakazi na ubora wa bidhaa. Kila hoja iwe na mfano. Hitimisha kwa msimamo ulio wazi: mfanyabiashara atafute kwanza mahali kazi inapobanwa, arekebishe kinachorekebishika, na ndipo aajiri pale ambapo mtu mpya atakuwa na kazi ya kufanya.

*Swali la 4.* Tembelea duka, mgahawa au karakana iliyo karibu nawe kwa ruhusa ya mwenyewe. Orodhesha hatua za kazi, kadiria uwezo wa kila hatua, na utaje hatua inayobana. Pendekeza rekebisho moja lisilohitaji fedha.

*Mwongozo:* Jibu sahihi litategemea ulichokiona. Utapata alama kwa kupima, si kwa kukisia. Andika muda uliotumika katika kila hatua kabla ya kuandika pendekezo lako.